Mwanamke wa Macau

Leo ni tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Hadi Wareno walipoikabidhi Macau kwa China mwaka 1999, hii ndiyo ilikuwa siku ya mji ule, na sababu yake ni vita. Katika vita hivyo yumo mwanamke ninayempenda kuliko mashujaa wote wa Bahari ya China, na leo lazima mumsikie.

Macau mnaijua. Kasino zile. Tena mmeona picha za ukuta wa mbele wa kanisa la Mtakatifu Paulo, uliobaki umesimama peke yake baada ya kanisa kuungua mwaka 1835. Wageni hupanda ngazi, wakapiga picha, wakashuka. Ukifika pale, nakuomba usishuke. Ukiwa umeutazama ukuta, kilima cha Monte kiko mkono wako wa kulia. Panda. Juu kuna ngome ya kale na mizinga yake bado imepangwa ukutani.

Mwaka 1622 ngome hiyo ilikuwa haijakamilika. Macau ilikuwa ikitajirika kwa kupeleka hariri ya China Japani na kurudi na fedha, na Waholanzi waliitaka biashara hiyo. Wakaja na merikebu 13, wakati wanaume wengi wa mji walikuwa wamekwenda Canton kununua hariri. Asubuhi ya tarehe 24 wakawasha pipa la baruti mbichi ili moshi wake uwafiche, wakashusha watu kama 800 kwenye ufuko wa Cacilhas. Kamanda wao, Cornelis Reijersen, akapigwa risasi pale pale ufukweni, lakini askari wakasonga mbele kuelekea mjini.

Sasa juu ya Monte kulikuwa na padri Mjesuiti, Mwitaliano Giacomo Rho. Huyu ni mtu wa hesabu! Baadaye alikwenda Beijing kusaidia kurekebisha kalenda ya mfalme wa China. Padri akafyatua mzinga, na kombora likaangukia pipa la baruti katikati ya Waholanzi. Likalipuka.

Vitabu vingi vya watalii humsifu padri na kuishia hapo. Mimi siishii hapo. Waholanzi walipoyumba, walioteremka mlimani na kuwavamia walikuwa Wareno wachache na watumwa wao Waafrika. Waafrika, wasikilizaji! Merikebu za Wareno kutoka Ulaya zilitia nanga kisiwa cha Msumbiji kabla ya kuvuka kwenda Goa, na kutoka Goa njia iliendelea hadi Macau. Mombasa yenyewe, yenye Fort Jesus tangu 1593, ilitawaliwa kutoka Goa kama Macau ilivyotawaliwa. Hiyo yote ilikuwa njia moja ya bahari.

Na kati yao alikuwamo mwanamke Mwafrika aliyevaa nguo za kiume, mkononi ana mkuki wenye shoka kichwani. Aliua Waholanzi kwa mkuki ule, na Wareno wenyewe wakaandika kwa kumstaajabia. Wakamlinganisha na mwoka mikate wa Aljubarrota, shujaa wao wa simulizi za kale. Jina lake halikutufikia. La padri tunalo, la kamanda aliyejeruhiwa tunalo. La mwanamke yule, hapana. Jambo hili linaniuma kila mwaka.

Kuna ujumbe umeingia sasa hivi, msikilizaji wa Tanga anauliza: kwa nini mtumwa ampiganie bwana wake? Swali zito, na nitaiachia siku ile yenyewe ijibu. Waholanzi nao walikuwa na watumwa. Kwa hiyo wangeshinda, mtumwa wa Macau angebadilishiwa bwana tu. Lakini vita vilipokwisha, watumwa wengi waliachwa huru pale pale uwanjani. Naamini wapo waliokuwa wakiupigania uhuru huo, mji wenyewe ukiwa si kitu kwao.

Na sikilizeni hili. Ofisa wa China huko Guangdong aliposikia habari, alituma mchele, pikuli 200, yaani kama tani 12. Alituma kwa nani? Kwa watumwa! Kwa wale Waafrika, kwa uaminifu na ushujaa wao. Narudia: mchele ulikuja kwa jina la watumwa. Hata adui alikiri. Gavana mkuu wa Waholanzi huko Batavia, Jan Pieterszoon Coen, aliandika kwamba watumwa wa Wareno ndio waliowafukuza watu wake.

Waholanzi wakaenda zao visiwa vya Penghu, na mwaka 1624 wakahamia Taiwan. Wareno wakakaa Macau miaka mingine karibu 375. Kwa hiyo msikilizaji utakayesafiri: baada ya Monte, nenda kilima cha Guia, penye mnara wa taa wa mwaka 1865, wa kwanza wa namna hiyo kwenye pwani ya China. Kisha ulizia bustani ya Vitória, ambako mwaka 1871 walijenga nguzo ya kukumbuka ushindi ule. Ufuko wa Cacilhas usiutafute, bahari ya pale imefukiwa. Mwenye swali lingine kuhusu yule mwanamke, laini ziko wazi, tupigie.