Akiba ya Maneno kwa Watoto Wetu Wadogo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetupa nusu saa ya kusema juu ya malezi, nasi twaomba radhi tangu mwanzo, maana hatusemi kama mwalimu, bali kama karani aliyeona haya mbele ya mama yake mzazi. Habari yenyewe ni hii.

Tulipopata ruhusa yetu ya mwaka tulimchukua mwanetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 4, tukaenda naye pwani kwa Bibi yake. Hakuwa amepata kukaa huko, kwa sababu tulihamishiwa Tabora kabla hajazaliwa. Jioni Bibi alikuwa jikoni akipika wali wa nazi, akamwita: "Mume wangu, hebu niletee kifumbu hapo ukutani." Mtoto akaleta ungo. Akarudishwa, akaleta upawa. Mwisho akauliza, "Ni kidude gani, Bibi?" Kumbe kwake kila kitu kilikuwa kidude: kifumbu kidude, upawa kidude, hata mbuzi ya kukunia nazi kidude. Bibi hakumcheka. Alitugeukia sisi, akatuuliza kwa upole: "Mwanangu, huko kwenu mtoto huyu huzungumza na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi kituoni tulifanya kama makarani wafanyavyo, tukatwaa karatasi, tukaandika kila neno tulilomwambia mtoto tangu tulipotoka kazini hata alipolala. Orodha ilikuwa fupi. Marahaba. Njoo. Usiguse. Lete viatu. Nyamaza, baba anasoma. Nenda ukalale. Mama yake alisema naye zaidi, walakini yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na kazi zisizokwisha. Basi sisi tulioajiriwa kwa ajili ya maneno, tunaoyaandika, kuyanakili na kuyatia masijala kutwa nzima, tulikuwa hatumpi mtoto wetu ila amri.

Watu wengi hudhani mtoto hujua kusema kama aotavyo meno, akingojewa tu. Katika ua wa Bibi huonekana kama ni hivyo, kwa sababu hapo wapo shangazi, dada wakubwa, na majirani waingiao bila kubisha. Neno ambalo mama hakulitaja, mwingine atalitaja kabla jua halijachwa. Walimu hao wote hawapandi gari moshi pamoja nasi tunapohamishwa. Katika nyumba za kituo jirani wa kulia ana lugha yake, wa kushoto ana yake, na mlango hufungwa mapema.

Wataalamu wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, walitoa kitabu mwaka 1995 juu ya nyumba 42 walizozisikiliza huko Kansas, saa moja kila mwezi, kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi. Waliona kwamba mtoto aliyesemeshwa sana alikuwa na maneno mengi zaidi alipofika miaka 3. Mahesabu yao yalifika mamilioni ya maneno, na wengine wameyapinga, wakisema nyumba zilikuwa chache mno, na kwamba mtoto huokota maneno pia kwa watu wengine wasemao karibu naye. Hatutaki kuamua shauri lao. Lakini hao watu wengine, ndugu zangu, ndio tuliowaacha nyuma.

Basi sharti baba asaidie. Si kazi ya ubao na chaki. Mtoto hulishika neno likitajwa wakati jicho lake li juu ya kitu chenyewe. Kwa hiyo tutazame anachokitazama yeye, si tunachotaka sisi akitazame. Aghalabu neno la kwanza hutoka akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na yapo mengi ayafahamuyo kabla ya hapo. Kwa hiyo asiyesema bado naye asemeshwe.

Tabora kuna mpunga. Tulianza hapo. Siku mama yake alipotwanga tuliketi karibu na kinu, tukamwonyesha mchi, kisha ungo, na namna pumba zinavyopeperuka mchele ukipepetwa. Akauliza juu ya punje zilizovunjika. Tukamwambia, hizo ni chenga. Na hizi zenye ganda? Hizo ni chuya. Zikipikwa twala wali, na unaong'ang'ania chini ya chungu ni ukoko, ambao tuligombania. Tuliporudi pwani mwaka wa pili Bibi alimpokea kwa mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tunda moja lina majina matano kabla halijafika jikoni, kisha huja makumbi, kifuu, tui na chicha.

Mtoto akikosea, tusimkemee. Mwanetu alisema, "Kikombe limevunjika." Tulimjibu tu, "Ee, kikombe kimevunjika, kimevunjika mkono wake," naye akapata sarufi na neno jipya pamoja.

Wako wenzetu wanaotaka watoto wasikie Kiingereza tu nyumbani. Hatulaumu nia yao. Lakini tumewasikiliza, na Kiingereza hicho aghalabu ni kaa, simama, nyamaza, yaani zile amri zetu zimebadili kanzu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilishauri mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama yake. Nasi twaona baba atumie lugha ambayo aweza kusimulia hadithi mpaka mwisho bila kutafuta neno, iwe Kinyamwezi, iwe Kiswahili. Ya shule itakuta mahali pa kukaa.

Vitendawili navyo tulivirudisha baada ya chakula, ijapokuwa gazeti lilibaki halijasomwa, na mara mbili tulilala na majalada mezani. Mtoto alipenda kujibu, baadaye akataka kutega mwenyewe, na vyake vya kwanza havikuwa na maana hata kidogo.

Katika ruhusa ile ya pili, usiku wa mwisho, alimwendea Bibi yake akasema, "Kitendawili!" Bibi akajibu, "Tega." Akasema, "Ana meno, hana tumbo. Hula nazi, hashibi." Bibi akaitazama mbuzi yake iliyoegemea ukuta, akaitazama tena, akasema ameshindwa kabisa. "Basi nipe mji," akasema mtoto. Bibi akafikiri kitambo, akampa Tabora.