Haki ya Kazi Isiyokwisha

Tumche Mwenyezi Mungu katika malipo yetu kama tunavyomcha katika sala zetu.

Hapa Kumsenga, na kwa jirani zetu wa Kasulu, mtu huuza maharage yake akamlipa fundi kabla nyumba haijapauliwa. Fundi hupandisha kenchi, kisha haonekani. Mvua zikianza, kuta za matofali mabichi hulowa na watoto hukosa pa kulala. Huko ni kuvunja ahadi, na Sura ya Al-Maida huanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 345, humpa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuhesabu kwa uadilifu. Kazi iliyofanyika ni haki ya fundi, tudai iliyobaki. Kudai fedha zote hali ukuta umesimama nako ni dhuluma. Pili, tumwendee pamoja na mashahidi wawili, tumpe siku maalumu. Akiwa kweli hana, Al-Baqara aya ya 280 yatuagiza kumpa muhula. Akiwa anacho naye anajificha, tumshitaki Mahakama ya Mwanzo. Tusimpige wala kumnyang'anya zana zake.

Na siku zijazo tuandikiane, kama aya ya 282 ifundishavyo: tulipe msingi, kisha ukuta, kisha paa. Nanyi mafundi, fedha ya kazi isiyofanywa ni amana mikononi mwenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu. Amin.