Kumbukumbu za Baraza ni Mali ya Wananchi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama)



Leo hatukuja kusema habari za uchaguzi. Tumekuja kusema habari za makaratasi, nanyi msicheke.

Ushuru wa sokoni, usafi wa mitaa, mifugo izururayo mjini: mambo hayo baraza la madiwani huyatungia sheria ndogo. Sheria za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zinalitaka baraza liwatangazie wananchi kusudi lake na kupokea pingamizi zao. Baadaye Waziri hukubali au hukataa, ndipo sheria hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kijijini, halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji husema maoni yake, na wilaya huidhinisha.

Kila hatua yapasa iache karatasi. Muhtasari ukiandikwa vema huonyesha diwani gani alitoa hoja, nani alimpinga, na kwa sababu gani. Mama muuza dagaa akidaiwa ushuru asioujua asili yake, jibu limo katika karatasi hizo, wala halimo katika ukali wa mtoza ushuru. Akiambiwa sheria ipo lakini nakala haionekani, atajiteteaje?

Wakati wa mkoloni amri zilipitia kwa machifu, na mkulima akaletewa jambo lililokwisha kukatwa. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zilizoshika kazi nazo zikavunjwa mwaka 1972, tulipoingia Madaraka Mikoani. Zikaanza tena kazi mwaka 1984. Miaka kumi na miwili si kidogo. Nyumba ikivunjwa vyombo hutawanyika, nasi twataka kujua vitabu vya mihutasari ya wakati ule vimelala wapi, na kama mchwa wamevisaza.

Tena kugawa wilaya ni jambo jema, lakini hugawa na makabati. Butiama ilikatwa kutoka Musoma. Basi anayetafuta sheria ndogo za zamani za vijiji vya Butiama huenda akalazimika kubisha hodi Musoma. Bunda nako leo ziko halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. (Mgeni hupotea hapo, na mwenyeji vilevile.)

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, yaruhusu wananchi kusoma nyaraka zilizotimiza miaka 30. Maana yake mihutasari ya mwaka 1984 ilifikia umri huo mwaka 2014. Na mkutano wa baraza zima ni wa hadhara. Hatuingii kwa hisani ya mtu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lichague watu wawili wanaosoma vizuri. Waende masjala kwa adabu, na barua mkononi, waulize sheria ndogo ya ushuru wa soko lao ilipitishwa mwaka gani na wapi nakala ilipo. Majibu yaletwe kwa maandishi katika mkutano ujao. Wakijibiwa kwamba hakuna, na hilo liandikwe, pamoja na tarehe.