Gesi ya Kiyoyozi Haiishi

Joto la Desemba likishaingia Dar es Salaam, mafundi wa viyoyozi hawalali. Fundi anafika, anashika bomba, anatikisa kichwa: "Gesi imeisha, mzee. Tujaze." Unalipa. Kufika Machi yuleyule amerudi, na mtungi wake begani.

Imeisha, imekwenda wapi? Gesi ya kiyoyozi si petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, inachukua joto la chumbani na kulitupa nje, kisha inarudi. Haichomwi wala hailiwi. Ikipungua, pana tundu, na kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Mwambie atafute tundu kwanza, walau kwa povu la sabuni kwenye maungio. Hasa kama unakaa Msasani au Upanga, ambako hewa ya chumvi inakula mabomba.

Mara nyingine gesi haina kosa lolote. Chujio ndilo limeziba vumbi, na hilo unaliosha mwenyewe kwa maji, bure. Mafundi watanisamehe.

Mashine za zamani zina jambo la ziada. Nyingi hutumia R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea zimepangiwa kuiondoa karibu yote ifikapo 2030. Mashine ya aina hiyo ikivuja tena, fedha ya mtungi iweke akiba ya kununulia nyingine. Na hiyo mpya, ikija na R-32, fundi asiitilie mabaki ya mtungi wake wa zamani.