Takataka tumezoa, kamio iko wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi wa sekondari wa Bunia, kisha salongo ya Jumamosi. Tumeyaandika namna tulivyoyasema, tumesahihisha kidogo tu.

Wadogo zetu, kwanza mukae. Muko na matope mpaka magotini na jua limeanza kuchoma, hatutawasimamisha. Wale wanaobeba viatu mikononi wavivae, kuko vipande vya chupa hapa.

Aksanti kwa kuja. Na aksanti zaidi kwa wale waliotuuliza jana jioni kama kutakuwa transport, tukajibu hapana, na bado wakafika. Katika mji huu hilo si jambo dogo. Bunia imejaa mashirika, na kwa miaka mingi tumezoezwa: unakwenda kwenye semina, saa ya kutoka unaweka sahihi, unapewa bahasha ya transport. Hata yule anayeishi nyumba ya pili anapokea transport. Tumefika mahali ambapo mtu anaitwa kuzibua mtaro unaopita mbele ya mlango wake mwenyewe, na anauliza kwanza ni nani anafadhili. Hatumcheki mtu. Sisi pia tumepokea zile bahasha, na siku nyingine njo zilinunua unga nyumbani.

Asubuhi, wakati mulikuwa mukishuka mtaroni, mzee mmoja alisimama na baiskeli yake akawauliza: « Muko nafanya kazi ya nani? Leta yenyewe iko wapi? » Wengine wenu mulicheka. Mmoja akatutazama sisi wakubwa, akingoja tujibu. Hatukujibu pale pale, kwa sababu mzee aliuliza swali la kweli, na tulitaka tulijibu tukiwa tumekaa. Njo sasa.

Kwa umri wa mzee yule, neno salongo halina utamu. Ninyi mumelisikia kama neno la usafi, la Jumamosi, la kupiga picha na wenzenu. Yeye alilijua miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, nchi ikiitwa Zaire, na salongo ikiwa kazi ya lazima. Siku inapangwa, watu wanatoka na majembe, na asiyetoka anajua kinachomngoja. Baba yake naye aliiona kazi ya Wabelgiji. Tangu mwaka 1917 mkulima wa Kongo alilazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na wakoloni, mpaka siku 60 kwa mwaka. Na huku kwetu Ituri kuko familia ambazo hazijasahau namna wanaume walivyotolewa vijijini kwenda kwenye dhahabu ya Kilo na Moto. Kwa hiyo mzee akiona watoto wameinama na majembe, na kando yao watu wazima wamesimama wakielekeza kwa kidole, damu yake inakumbuka kitu ambacho ninyi hamukukiona.

Katiba yetu ya mwaka 2006 pia inakikumbuka. Kipengele cha 16 kinasema hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kufanya kazi ya shuruti. Hata Rwanda, jirani zetu wenye umuganda wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sheria yao inawahusu watu wa miaka 18 mpaka 65. Wengi wenu hapa muko na 15, 16, 17. Hata katika nchi ambayo sheria inalazimisha, ninyi hamungekuwa kwenye orodha.

Tunalisema hili wazi ju tunajua yanayofanyika mashuleni. Sisi wenyewe tulisoma hapa mjini, tukapita humanite hapa. Shuleni kwetu, na hatutaitaja, kulikuwa « salongo » ya waliochelewa, « salongo » ya waliosema lugha ya nyumbani darasani, « salongo » ya kuchota maji na kuyapeleka nyumbani kwa mkubwa fulani. Wasichana njo walikuwa wa kwanza kuitwa kwa ile ya maji. Mwaka mzima ufagio ulikuwa fimbo ya pili. Kisha siku ya wageni tunapangwa mstari, tunapewa fagio mpya, tunaambiwa tuoneshe upendo wa nchi. Tulifagia, ndiyo. Lakini tangu siku ile wengi wetu hawakushika tena ufagio kwa hiari, na hatuwalaumu.

Sasa, mwanafunzi yeyote aliyeletwa hapa leo kwa sababu prefe au mwalimu alimwambia atapunguziwa pointi asipokuja, aende nyumbani. Kweli. Hatutaandika jina lake, hatutamuuliza. Tumesema hivyo saa moja asubuhi, tunarudilia tena. Vijana watatu waliondoka asubuhi, na mmoja wao tumemwona amerudi na toroli ya baba yake. Huyo alikuja mara mbili, mara ya pili kwa mapenzi yake.

Tunarudi kwa swali la mzee. Kazi hii ni ya nani? Katiba ile ile, kipengele cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na pale pale, ndani ya kipengele kile kile, inasema ana wajibu wa kuyalinda. Viongozi wetu wanapenda sana sehemu ya pili. Wanaisoma kwa megafoni. Sehemu ya kwanza wanaimeza. Mama anayeuza sombe na samaki sokoni analipa ushuru wa meza yake, na ushuru ule si wa kumsaidia mwenye kuupokea, ni pamoja na kuondoa uchafu mbele ya meza ile. Kama mama amelipa, na uchafu haujaondoka, na ninyi watoto wake mukakuja kuuondoa bure, basi kazi moja imelipwa na mtu ambaye hakuifanya amekula. Hapo mzee ana haki.

Lakini angalieni tena mtaro huu. Mvua ikinyesha, maji hayaulizi ni nani alipaswa kuzibua. Yanaingia nyumba za chini, yanakwenda Nyamukau na sashe zote na chupa zote, na wanaoishi kando ya daraja wanajua yanarudi namna gani. Kipindupindu tunakijua hapa Ituri. Ebola tuliiona pia, kati ya 2018 na 2020. Wengi wenu mulikuwa shule ya msingi, munakumbuka ndoo za maji ya klori mlangoni na kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso kila asubuhi. Tungeweza kungoja. Wengine wanangoja tangu tuzaliwe. Sisi tuliona kwamba kungoja kunaua haraka kuliko kusema.

Kwa hiyo tunafanya vyote viwili, na hapo njo tunataka mutusikilize vizuri, kwa sababu mwezi uliopita tulikosea.

Mwezi uliopita, wengi wenu mulikuwepo, tulizibua kipande cha mtaro karibu na soko. Kazi nzuri. Tulitoa matope, nguo mbovu, sashe, hata godoro. Tukayaweka yote kando ya barabara, chungu baada ya chungu, kwa sababu mkubwa wa ofisi moja alikuwa ametuahidi kamio. Alikuja mwenyewe, akashika jembe, wakampiga picha, akaondoka. Jioni ile Facebook ilijaa uso wake. Kamio haikuja. Haikuja Jumapili, haikuja Jumatatu. Jumanne usiku ikanyesha mvua ya nguvu, na asubuhi chungu zetu zote zilikuwa zimerudi mtaroni. Mama mmoja wa sokoni alituambia, bila kukasirika, kwamba kabla ya kazi yetu maji yalikuwa yanapita kidogo, sasa hayapiti kabisa.

Tulikaa siku mbili hatuna la kusema. Mmoja wetu alitaka tuache kabisa mambo ya salongo. Mwingine alitaka tupeleke yale matope mbele ya mlango wa ofisi ile, tuyamwage. Wazo hilo lilipata mikono mingi, hatuwafichi. Tukaliacha kwa sababu watakaopigwa fimbo wangekuwa ninyi munaotufuata, na tangu Mei 2021 tuko ndani ya eta de sieji, jimbo linaongozwa na wanajeshi, na kutembea kumi na watano barabarani na toroli la matope si mchezo wa watoto.

Tulichofanya ni kidogo. Tulirudi, tukahesabu chungu moja moja, tukapiga picha yenye tarehe, tukaandika barua: siku gani kazi ilifanyika, ni mitaro mingapi, ni nani aliahidi kamio, lini. Nakala moja tukaiacha ofisini kwao, tukadai mhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Ule mhuri tulingoja saa tatu kwenye benchi. Kisha siku kumi na moja kamio moja ilikuja, ikabeba karibu nusu. Nusu nyingine njo ile mumeiona leo.

Wanafunzi wanne wa darasa la mwisho walitaka kuweka sahihi kwenye barua. Tulikataa, na walikasirika sana. Msichana mmoja alituambia: « Kwa kazi muko natuita watu wakubwa, kwa barua tunakuwa watoto? » Lile neno lilituchoma na bado linatuchoma. Dada mdogo, uko hapa, tunakujibu mbele ya wote. Ndiyo, kwa barua hiyo muko watoto. Mukiwa chini ya miaka 18, mtu akitaka kutisha, atamwita baba yako, atamwita prefe wako, utapoteza mwaka wa shule kwa karatasi moja. Sisi tukiitwa, tunakwenda wenyewe. Hatuna bosi wa kutufukuza. Hiyo njo faida moja ya kukosa kazi.

Ju ya kazi, tuwaambie kweli pia. Watatu wenu mumeuliza kama mutapata cheti cha kujitolea. Tunaweza kuwaandikia karatasi, hakuna shida. Lakini hatutawadanganya kwamba itawafungulia mlango. Kati yetu tunaosimama hapa kuko mwenye lisansi ya uchumi, kuko wa sheria, kuko wa kilimo ambaye anauza kredi ya simu. Tulijitolea toka humanite, tuko na vyeti vya rangi zote. Tukipeleka dosye, wanauliza miaka miwili ya kazi ya kulipwa. Kijana anayekuja kufagia akifikiri anapanda ngazi, ataanguka vibaya, na kisha atawachukia wote waliomwita. Afadhali musikie kwetu leo.

Basi kwa nini tunakuja? Kila mmoja wetu ana jibu lake. Sisi wa umri huu, mwaka 2003 tulikuwa migongoni mwa mama zetu wakikimbia mji huu. Tumekua tukiambiwa kartiye ile si yetu, barabara ile usipite saa kumi na mbili. Ninyi muliozaliwa nyuma yetu, munajua Kigonze na maturubai yake, na wengine wenu munatoka pale kila asubuhi kwenda shule. Hapa Ituri ukitaja jina la kijiji chako umeshataja kabila. Tumeona namna mtoto wa kambini anavyosita akiulizwa « unatoka wapi? ».

Leo toroli lilikuwa na mipini miwili na glavu hazikutosha. Vijana wawili, tuliwaona, walivaa pea moja wakagawana, mmoja mkono wa kuume, mwingine wa kushoto, wakasukuma hivyo mpaka saa tano. Mmoja ni wa kambini, mwingine nyumba yao iko Mudzipela. Hatujui walizungumza nini. Tulisikia wakibishana ju ya mpira, tena kwa kelele. Hatusemi kwamba toroli litaleta amani Djugu, tusiseme upumbavu. Tunasema tuliwaona.

Sasa mambo ya Jumamosi ijayo. Tunaanza saa moja, tunamaliza saa nne, si saa tano kama leo, jua limetushinda. Hakuna anayekuja akiwa amekosa darasa, na wale wa darasa la mwisho mubaki nyumbani musome, Exetat haitawangoja. Tumepata glavu pea 40 na buti 12. Buti ni za wanaoingia ndani ya mtaro, wengine wote wanabaki juu. Sindano na vyembe hamugusi, munaita mkubwa. Mwanasiasa akikuja na fulana zenye uso wake, hamuvai. Akikuja na jembe lake bila fulana, anakaribishwa kama mtu mwingine yeyote, na anabaki mpaka saa nne.

Na hatutatoa hata kijiko kimoja cha matope kabla ya kuona kamio imesimama hapa. Tumeandika hivyo kwenye barua ya pili, iko na mhuri, tarehe na saa. Isipokuja, tutafagia uwanja wa shule na kurudi nyumbani, na sisi wakubwa tutakwenda kukaa tena kwenye lile benchi.

Maji ya kunawa yako pale kwenye bidoni ya bluu. Munawe na sabuni kabla ya kugusa mandazi.