Tangi la Samaki Linapovuja

Mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno manne: bomba, nati, washa, koki. Yasomeni kwa sauti. Vema.

Leo tutazungumza juu ya tangi la samaki nyumbani. Wako wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni. Wako wanaofuga perege au kambale uani, katika tangi la plastiki. Mara nyingi tangi huwa na mabomba mawili. Moja hupeleka maji kwenye chujio, na jingine huyarudisha. Pale bomba linapoungana na tangi, au bomba na bomba, ndipo maji huvuja.

Mtu atasema, “Tone moja ni kitu gani?” Haya, tufanye hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 hivi ni mililita 1. Basi kwa siku moja zimepotea lita 4 na zaidi. Tangi likiwa la lita 60, baada ya siku tano theluthi ya maji imekwisha. Pampu hufyonza hewa badala ya maji, huungua, na chujio husimama. Kambale huvumilia, maana aweza kuvuta hewa juu ya maji. Perege hawezi. Asubuhi anaelea, na mwenye tangi anasema jirani ana kijicho!

Kabla ya kutia mkono majini, chomoa pampu kwenye umeme. Tena tazameni waya wake. Uacheni uning'inie chini ya soketi, kisha ndipo upande. Maji yakifuata waya yatadondoka pale chini, hayataingia soketini. Jambo hili ni dogo, lakini laweza kuokoa mtu.

Sasa tafuta mahali panapovuja. Maji huonekana hapa, kumbe yametoka kule juu. Kausha mabomba yote kwa kitambaa. Zungushia kila kiungo kipande cha karatasi kavu. Ngoja robo saa. Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo itakayokuonyesha. Watu wengi hukimbilia spana kwanza, nami naona hiyo ndiyo sababu ya hasara nyingi. Nati ya plastiki ikikazwa kwa nguvu hupasuka, na kioo pia chaweza kupasuka.

Kiungo kinachopita ukuta wa tangi kina ukingo mpana upande mmoja, na nati upande wa pili. Washa ya mpira hukaa upande wa ukingo, si upande wa nati. Ikiwekwa upande wa nati, nati huisokota inapozunguka, ikakunjika, na maji yakapata njia. Punguza maji mpaka chini ya tundu, fungua, safisha utelezi na mchanga. Washa ikiwa ngumu, nunua nyingine. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko tu kwa spana.

Bomba lenye meno huzungushiwa utepe ule mwembamba mweupe wa mafundi bomba. Tazama mdomo wa bomba, uzungushe utepe kama mshale wa saa unavyokwenda, mara tatu au nne. Ukienda kinyume, utafumuka unapokaza. Mafundi wa zamani walitumia nyuzi na rangi. Kwa samaki, rangi hiyo haifai. Wala usitie koki ya shaba. Shaba huyeyuka kidogo kidogo majini na kudhuru mashavu ya samaki. Tumia koki ya plastiki.

Na bomba lililogundishwa? Kupaka gundi juu ya ufa ni kazi bure. Kata kipande kibovu, weka kipya. Kata sawasawa, ondoa vinyuzi kwa msasa, pangusa. Paka gundi ya bomba pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, ushike nusu dakika. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, kwa maana mvuke wake ni mkali na huwaka. Ngoja saa 24, kisha suuza bomba kwa maji mengi.

Wakati huo samaki wakae katika beseni kubwa lenye maji yao wenyewe ya tangi, pamoja na pampu ndogo ya hewa. Usiwatie katika maji mapya ya bomba, maana dawa inayosafisha maji yetu huwaua.

Mwisho, jaza tangi polepole. Zungushia tena karatasi kavu kwenye kila kiungo, ulale. Asubuhi zishike moja moja. Zikiwa kavu zote, rudisha samaki.