Watoto na Kazi za Nyumbani
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Skuta, Nyeri



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto na kazi za nyumbani. Pengine mmoja wenu atauliza: Chama cha kuwasaidia wagonjwa na kuwazika wafu kina haja gani na sahani na ufagio? Jibu langu ni kwamba kusaidiana hufunzwa nyumbani kwanza. Mtoto asiyemwinulia mamaye ndoo ya maji, tutamtazamiaje amwinue jirani yake hapo atakapokuwa mtu mzima?

Zamani jambo hili halikuhitaji hotuba. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, alieleza jinsi watoto wa Kikuyu walivyojifunza kazi kwa kufuatana na wakubwa wao: mvulana na babaye, msichana na mamaye. Siku hizi mashamba yamegawanywa mara nyingi, na wengi wetu twakaa katika nyumba za kupanga ambako hakuna mbuzi wa kuchungwa. Baba huenda kazini asubuhi, na mtoto haoni afanyalo huko. Mtoto naye hurudi jioni na mzigo wa vitabu, nasi husema, “Mwacheni asome.” Basi kazi yote humwangukia mama, aliyechoka tangu alfajiri.

Lakini je, kazi ndiyo adui wa masomo? Tumtazame binti wa Nyeri hii hii, Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940. Alikuwa binti wa kwanza wa mamaye, akamsaidia kuteka maji, kuokota kuni na kulima. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mamaye alimpa kijishamba chake mwenyewe, kidogo sana, katikati ya shamba la mama. Alipopanda mbegu alizifukua kutazama kama zimeota, na mamaye akamwambia aziache ardhini, zitachomoza zenyewe.

Hapo pana mafundisho mawili kwetu wazazi. La kwanza, mtoto apewe kazi iliyo yake, wala si kutumwa huku na huku kila tunapokumbuka. Mdogo aondoe kikombe chake mezani. Mkubwa kidogo afagie. Aliyepevuka achemshe githeri. La pili, tusifukue mbegu. Akiosha sufuria ikabaki na masizi, tusimnyang’anye na kuiosha upya mbele yake, tumwonyeshe, arudie. Tena kazi isiwe adhabu, maana mtoto aoshaye vyombo kwa sababu amekosa ataichukia kazi hiyo maisha yake yote.

Sasa niseme neno ambalo huenda lisiwapendeze wazee wenzangu. Twasema kwamba kijana akiisha tahiriwa haifai aingie jikoni kwa mama. Desturi ilikuwa na maana yake wakati kijana alipokuwa na kazi nyingi za nje. Leo kazi hizo hazipo, naye hukaa tu huku dada yake akipika. Wote wawili watafanya mtihani mmoja, na mtihani hauulizi ni nani aliyeosha vyombo usiku uliopita. Kisha kijana huyo atakwenda kupanga chumba Nairobi. Ni nani atakayempikia huko? Baba akimenya viazi jioni moja mbele ya wanawe, atakuwa amefundisha zaidi ya hotuba hii.

Lakini kila kitu kina mpaka. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, wasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo yakataza kumtumikisha mtoto. Nami nawakumbuka hasa watoto wa ndugu wanaoletwa mjini kwa ahadi ya shule. Ukiona yatima anafua nguo za nyumba nzima na watoto wa mwenye nyumba wamekaa wakitazama televisheni, hayo si malezi. Chama cha ustawi kisiponyamazia jambo jingine lolote, kisilinyamazie hili.

Ombi langu ni dogo. Juma hili kila mwanachama ampe kila mtoto wa nyumba yake, wa kiume na wa kike, wa kuzaa na wa kulea, kazi moja iliyo sawa na nguvu zake. Katika mkutano ujao tuulizane imekuwaje. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nyumba zetu ndizo zitakazokipa chama hiki wanachama wake wa kesho.